Maji ya Arzina

Maua yalikwisha kutupwa, lakini maji ya chomboni yalizidi kupungua.

Khurshid aliligundua hilo wiki ya pili ya msiba, ghorofani kwake Etobicoke, jijini Toronto. Chombo kilikuwa cha marehemu binti yake, Arzina: cha udongo, cha Kiingereza, cha zamani, cheupe, mdomo mpana, kilichofinyangwa makusudi kwa wapambaji wa maua. Arzina alikuwa na wazimu wa vyombo hivyo, kila Jumamosi yuko kwenye maduka ya mitumba. Waridi za mwisho alizipanga mwenyewe, akatia maji, akaenda hospitali asirudi.

Mamake Khurshid, kule Mombasa, alikuwa akikataza kulaza maji wazi kwenye nyumba ya msiba. Khurshid hakusahau. Ila angemwagaje maji yaliyotiwa na mkono wa mwanawe?

Jioni moja, magharibi ikiingia, sebule ilinukia waridi, na chomboni ikatoka sauti ya Arzina: "Mama, nina kiu."

Khurshid alijua papo hapo. Arzina alikulia Toronto. Kiswahili alikielewa chote, lakini hakujibu ila kwa Kiingereza. Khurshid alimbembeleza tangu utotoni, wapi! Leo sauti yasema Kiswahili cha Mombasa, kitamu. Hakuwa mwanawe. Moyo ulimpasuka, akamtilia maji.

Kesho yake tena. Chombo kikanywa gilasi, kikanywa jagi, na kadiri kilivyokunywa ndivyo midomo ya Khurshid ilivyopasuka na ngozi ikamshika mifupa, huku harufu ya waridi ikigeuka uvundo wa maji yaliyooza, mpaka Nilofar, shoga yake wa kusali naye jamatkhana, akaja na chakula akamkuta anacheka na mtu asiyeonekana.

"Dada, huyo ni jini," Nilofar alinong'ona, akiwasha ubani. "Kakuta maji yamelala wazi. Yamwage mwenyewe, ama atakunywa wewe."

"Najua si yeye. Lakini ananiita Mama."

Khurshid alikibeba chombo hadi roshani.

"Mama, usinimwage. Utazungumza na nani?"

Alimwaga, akilia kwa sauti. Maji yakazama kwenye theluji iliyojaa pale roshani.

"Katoka," Nilofar alisema, akaingia ndani kumtafutia shali.

Ndipo thelujini ikasikika sauti ya uvivu, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, kwa Kiingereza: "Mom?"

Khurshid alipiga magoti, akaanza kuchota theluji kwa mikono mitupu, akiirudisha chomboni.