Sekunde Kumi na Moja za Baba

Kila Jumamosi asubuhi, kabla chai haijachemka, Kidole alichaji betri za kamera ya dada yake na kufuta lenzi kwa kitambaa laini. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi viatu, kwa sababu mkono wake haukutulia. Gundi ataigusa, sindano ataigusa, ikimchoma analia, kesho anagusa tena.

Dada alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha picha na video. Mama jirani hakuacha kumchokoza. "Mwanangu, picha nayo ni ya kusomea? Si kila mtu ana simu?"

"Mama, sindano pia kila nyumba inayo," dada alijibu akicheka, "lakini nguo unampelekea fundi. Wenzangu waliomaliza, mmoja anahariri taarifa ya habari, mwingine anarekodi sauti za filamu, mwingine anachora vibonzo vya vitabu vya shule."

Kwa kazi yake ya kumalizia chuo, dada alimrekodi baba kibandani kwa siku nne, akishona viatu huku akikohoa. Siku ya nne kikohozi kilizidi, baba akakimbizwa hospitali. Katika haraka ile dada akasahau sheria ya kwanza ya chuo: kadi ya kamera haitumiwi tena mpaka picha zimenakiliwa mahali pawili.

Kesho yake wakubwa wote walikuwa hospitali. Kidole akachukua kamera awarekodi wenzake wakiruka kamba. Kadi ilikuwa imejaa, na kamera ikauliza: Futa zote? Naye bila kufikiri akabonyeza. Lo! Kufumba na kufumbua, siku nne za baba zimetoweka.

Angekimbia kusema, lakini woga ulimshika. Alijua kadi tupu itamuumbua. Basi akarekodi ukuta, akarekodi kuku, akarekodi mawingu, mpaka kadi ikajaa tena. Dada akiona upuuzi huo, aliwaza, atadhani kamera ilijiwasha yenyewe, ikafuta na kurekodi.

Baba hakurudi. Alifariki Ijumaa ya wiki ileile. Kidole alilia vilio viwili, cha baba na cha siri yake, na watu wakaona kimoja tu.

Msiba ulipokwisha, dada alifungua kadi akakuta kuku. Alikaa chini sakafuni. "Ni mimi," alimwambia mama yao. "Nilisahau kunakili. Nimempoteza baba mara ya pili." Siku mbili hakugusa chakula, na siku ya tatu akasema anaacha chuo.

Hapo Kidole alishindwa kuvumilia. "Dada, si wewe," alisema akitetemeka. "Ni mimi niliyefuta."

Dada hakumpiga, na hilo lilimuuma Kidole kuliko kofi. "Vaa viatu," alisema. "Twende chuoni."

Mwalimu wa uhariri, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimsikiliza dada, akaichomeka kadi kwenye kompyuta, akamgeukia Kidole. "Ulipofuta, uliishia hapo?"

"Hapana, mwalimu. Nilijaza kuku, ili isijulikane."

Mwalimu alishusha pumzi. "Mwanangu, picha ikifutwa hubaki kwenye kadi mpaka nyingine irekodiwe juu yake. Ungesema siku ileile, baba yako angekuwa humu mzima."

Kidole alilia kwa kwikwi. Kompyuta ilitafuta hadi mchana, ikaokota sekunde kumi na moja tu. Mikono ya baba inavuta uzi, kisha sauti yake: "Kidole, acha hiyo gundi! Njoo nikufundishe." Dada alimkumbatia mdogo wake, wakalia pamoja.

Dada hakuacha chuo. Alirekodi benchi tupu na viatu vilivyokuwa vikisubiri fundi, akaweka zile sekunde mwishoni, akafaulu. Siku ya kuonyesha kazi za wanafunzi, mwalimu alimvuta Kidole kando.

"Kufuta lilikuwa kosa la mtoto, na lilikuwa na dawa," alisema. "Kulificha ndiko kulikoiharibu dawa. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."

Siku hizi Kidole ndiye anayenakili kadi, mara mbili, na mara ya tatu kwa woga. Akimaliza humwomba dada amwekee sauti ile. "Kidole, acha hiyo gundi!" baba anasema.

"Nimeacha, baba," Kidole hujibu.