Sauti Iliyoingia Kundi la Ukoo

"Mungu wangu, nimeituma wapi?"

Kwenye chumba chake cha kushonea mwanamke huyu alikuwa peke yake, yeye na cherehani na gauni la bibi harusi lililobakiza mkono mmoja kukamilika. Akaisogeza simu karibu na macho. Juu ya skrini hapakuwa na jina la mumewe. Paliandikwa: Ukoo Wetu.

Mama mkwe yumo humo. Wifi yumo. Baba mdogo yumo, na wajomba ambao hata sura zao hazijui.

Akaubonyeza ule ujumbe wa sauti. Simu ikamuuliza: futa kwa wote, au futa kwangu tu? Kwa pupa yake akagusa pasipotakiwa. Sauti ikapotea machoni pake peke yake. Kwa wengine ikabaki nzima kabisa.

Ndiyo simu hizi. Ukiwa umetulia kila kitu unakielewa, ukishikwa na hofu hata kusoma unasahau.

Akampigia mshauri. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Kila wiki, akishafunga mlango, aliegemeza simu kwenye boksi la nyuzi, na yule mama akatokea kwenye skrini na miwani yake. Alikuwa akizungumza na wanawake wanaotafuta mtoto wasimpate. Habari za dawa aliwaachia madaktari. Yeye alishughulika na mwili ambao mwenyewe anaanza kuuchukia, na kitanda kilichogeuka kuwa zamu ya kazi. Safari hii alimpa zoezi: amrekodie mumewe sauti, amwambie anamficha nini mwilini, na angependa ashikwe vipi.

"Mshauri, nimeharibu! Ile sauti nimewatumia wakwe!"

"Wakwe gani?"

"Ukoo mzima! Nimeona maneno ya mume wangu juu kabisa ya orodha, nikajua ni yeye. Kumbe kaandika kwenye kundi."

"Mpigie sasa hivi."

"Hapokei. Akiwa kwa mteja simu huiweka kwenye boksi la spana."

"Basi vuta pumzi kwanza."

"Nikishavuta?"

"Sijui, mwanangu. Kwa kweli hapa sijui."

Kundi nalo likaanza kuamka. Wifi ndiye aliyetangulia: "Jamani, hii imekuja hapa makusudi?"

Baba mdogo, ambaye sauti yoyote huisikiliza mwanzo tu, akaweka dole gumba na kuandika: "Amina. Ujumbe mzuri sana."

Kisha mama mkwe: "Nimesikiliza yote. Jumapili tutaongea."

Jumapili? Akapandisha juu kusoma alichopitwa nacho. Mama mkwe alikuwa ameandika: "Jumapili njooni wote wawili, tuna kikao kuhusu suala la mtoto." Na chini yake, maneno ya mumewe, yaleyale yaliyomponza: "Sawa mama, tutakuja."

Amekubali bila hata kumuuliza. Akakaa chini kwenye mabaki ya vitambaa, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Mumewe alimkuta hapohapo. Alikuwa fundi wa mafriji, mtaa mzima ukimwita Baridi. Akaweka boksi lake la spana mlangoni.

"Umesikia?" mkewe akauliza, bila kuinua uso.

"Nimesikia nikiwa kwa mteja. Nikadhani ni habari za kikao, nikaweka spika."

"Na mteja kasikia?"

"Kaishia kwenye tumbo. Nikazima."

"Nifukuze tu, bwana. Nimekuaibisha kwa watu wote, hata kufuta nimekosea."

Akakaa naye chini, akatoa simu, akaicheza tena. Sauti ya mkewe ikajaa chumba:

"Mume wangu, ninachokuficha ni tumbo langu. Tangu tuanze madaktari, nikilitazama naona mali ya hospitali, siyo yangu. Ndiyo maana nazima taa. Natamani unishike hapo. Lakini usinishike kama mtu anayetafuta kitu. Nishike tu."

"Zima, nakuomba."

Akazima.

"Mimi nilijua unazima taa ili usinione mimi," alisema.

"Wewe una kasoro gani?"

"Nimeshindwa kukupa mtoto. Unadhani silioni hilo kila asubuhi?"

"Na kikao je? Kwa nini umekubali?"

"Nimeshindwa kumwambia mama hapana. Kila siku nashindwa. Ile siku aliyotupangia daktari ikifika, natafuta kisingizio nichelewe kazini. Nafungua hata friji ambalo halijaharibika."

"Kwa hiyo unanikimbia."

"Naikimbia ile zamu. Wewe nakukosa, na tunalala kitanda kimoja."

Akashika simu tena, akaanza kurekodi. Mkewe alimvuta shati, wapi, hakusikia.

"Mama, na wote mliosikiliza. Ile sauti ilikuwa ije kwangu, na nimeipokea. Mke wangu hajamvunjia mtu heshima, amekosea kutuma. Mtoto tunamtaka kuliko mnavyomtaka nyinyi, na hatujui kama atakuja. Daktari hajui. Mimi sijui. Sina cha kuwaeleza kikaoni. Jumapili hatutakuja."

Akaituma palepale, kwenye kundi.

"Futa! Mama ataumia."

"Nikifuta nitakosea kama wewe."

Mkewe alitaka kucheka, kisha akaiangalia simu. Mstari mdogo wa kijivu ulikuwa umetokea kwenye skrini: Mama ametoka kwenye kundi.

Wakautazama pamoja.

"Nimekukosanisha na mama yako."

"Nitamfuata. Sijui nitamwambia nini, ila nitamfuata."

Simu ya mkewe ikalia kidogo. Wifi tena, safari hii pembeni, nje ya kundi: "Usimwonyeshe mtu. Nina watoto wanne, na mimi pia nazima taa."

Alisoma mara mbili. Wifi huyuhuyu mwenye ulimi wa wembe. Akaigeuza simu kifudifudi.

Mumewe alikuwa akijifuta viganja kwa kipande cha kitambaa.

"Mikono yangu ina grisi."

"Inatafuta kitu?"

"Haitafuti."

Mkewe akauchukua mkono mmoja, akaupeleka mwenyewe mpaka tumboni mwake. Mwili ukakakamaa kama kawaida yake. Akasubiri. Mkono ule haukusogea popote. Machozi yakamtoka tena, na mumewe hakumuuliza analia nini. Juu ya cherehani taa ilikuwa inawaka, ikawaacha wakionana vizuri, naye hakuinuka kuizima.