Yai la Alby

Rafiki yangu Wilf Tranter, aliyekuwa mtu wa redio kwenye ndege ya mabomu, hajagusa yai la kukaanga tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe.

Kambini kwao Lincolnshire, Uingereza, yai walipewa waliorudi salama tu. Jioni ile, kabla ya kuruka, Alby, mpiga bunduki wa mkiani, alimtania kama kawaida.

"Usiporudi, yai lako nalila mimi."

"Ulile tu, mlafi mkubwa wewe!"

Wakaangusha mabomu Ujerumani, mizinga ikawatikisa, wakageuza. Juu ya bahari hapakuonekana kitu, injini tu zilinguruma. Kila baada ya muda, rubani aliwaita mmoja mmoja kwenye simu ya ndani.

"Mkiani?"

"Nipo, kapteni. Baridi tu."

Kila alipoitwa, Alby alijibu maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Wilf akaingiwa na wasiwasi. Akachukua chupa ya kahawa, akatambaa hadi nyuma.

Alimkuta amekufa zamani. Damu kifuani ilishaganda kuwa barafu, na waya wa simu yake ulikuwa umekatwa na kipande cha chuma cha kombora. Wilf akamshika mkono, akalia, na upepo ukakimeza kilio chake. Kisha akachomeka waya wa simu yake mwenyewe kwenye tundu la ukutani ili awaambie wenzake. Kabla hajafungua mdomo, rubani akaita.

"Mkiani?"

"Nipo, kapteni," sauti ya Alby ikajibu. "Mwambie Wilf aniachie mkono. Na yai langu alile yeye."