Miwani ya Watu Watano

Kila siku akitoka shule, msichana ambaye nyumbani kwao walimwita Injinia alifua soksi zake, akala, kisha akasogeza pasi ya mama pembeni ya meza na kutandaza vifaa vyake: kadibodi, kisu, gundi, rula na lenzi mbili. Kwa wiki tatu alikuwa akibuni miwani ya uhalisia pepe, ile ambayo huwekwa simu ndani yake, na anayeivaa hujiona kama ameingia katikati ya picha.

Hakutaka miwani kubwa kama ndoo, yenye nyaya za kuwakwaza watu sebuleni. Yake ingekuwa nyepesi, ingekaa kwenye rafu ya vitabu, na ingemfaa kila mtu nyumbani. Kwa hiyo alipima umbali kati ya mboni za macho ya wote watano. Mdogo wake alikuwa na milimita hamsini na mbili, yeye mwenyewe hamsini na sita, mama sitini na moja, bibi sitini na tatu, baba sitini na saba. Akatafuta wastani, akapata sitini kasoro kidogo, akazigandisha lenzi hapo.

Jumatatu mwalimu wa sayansi aliivaa mbele ya darasa, akaivua upesi.

"Naona kila kitu mara mbili. Uliijaribu kwa nani?"

"Kwa watu wote wa nyumbani, mwalimu. Wote walisema ni nzuri."

"Nzuri ni milimita ngapi?" Darasa likaangua kicheko. "Irekebishe. Ijumaa nachagua kazi moja ya kwenda kwenye maonyesho ya shule zote."

Jumanne Injinia alibadilisha mkanda wa kuifungia kichwani. Jumatano alibadilisha gundi na kupaka rangi nyeusi kwa ndani. Kila jioni alitia ndani yake simu yenye video ya samaki wa baharini, akawapitishia miwani hiyo, mmoja baada ya mwingine.

"Nzuri, eh?" aliuliza.

"Nzuri mno, mwanangu," alijibu baba.

"Umetia fora," alisema mama.

Sifa hizo zilimkera. Alitaka kuambiwa kosa liko wapi, na hakuna aliyemwambia.

Alhamisi ilikuwa zamu ya bibi kuanza. Alivua miwani yake ya macho, akavaa ya mjukuu, akageuza kichwa huku na huku.

"Ah! Samaki hao! Wanavyometameta!"

Injinia alipoichomoa simu alikuta kioo ni cheusi. Chaji ilikuwa imekwisha.

"Bibi, umeona samaki gani?"

"Si wale wa rangi rangi?"

"Simu imezima, bibi!"

Mdogo wake alicheka mpaka akateleza kutoka kitini. Injinia hakucheka. Aliibwaga miwani mezani, pembe moja ikabonyea.

"Siku zote hizi mnanidanganya! Kesho ndiyo Ijumaa! Nimebadilisha mkanda, nimebadilisha gundi, kumbe..."

Baba alikohoa. "Mimi naona samaki pacha. Kila mmoja na mwenzake."

"Mimi inaniangukia puani," alisema mdogo wake.

"Mimi inanitia kichefuchefu," alikiri mama. "Nikadhani ni uchovu wa kazi."

"Nami bila miwani yangu naona ukungu mtupu," alisema bibi. "Sikutaka kukuvunja moyo, mjukuu wangu."

Mama alikuwa nesi, na hapo alisema kama yuko wodini. "Mgonjwa akiniambia hajambo huku anaungua na homa, nitampa dawa gani? Tumemficha mtoto ugonjwa, atatibu nini? Lakini nawe, Injinia, ukiuliza 'Nzuri, eh?' umeshatutajia jibu. Tuulize kitu cha kuhesabu."

Baba, fundi wa madirisha, aliigeuza miwani mkononi. "Dirisha la kusukuma mimi naliwekea reli. Kwa nini wewe umezigandisha lenzi?"

Injinia aliitazama tena orodha yake. Sitini haikuwa kipimo cha mtu yeyote nyumbani humo.

Alikata upya. Safari hii lenzi ziliteleza kwenye reli mbili za kadibodi zenye alama za milimita. Boksi aliliongeza kina ili miwani ya bibi iingie, na mkanda akautoboa matundu zaidi kwa ajili ya kichwa cha mdogo wake.

"Samaki wangapi?" aliuliza simu ilipopata chaji.

"Saba," alisema mdogo wake.

"Kumi na... ngoja, sogeza lenzi. Saba," alisema baba.

"Saba," alisema bibi, "na mmoja kanuna kama jirani yetu."

Mama naye alihesabu saba, lakini baada ya dakika kumi kichefuchefu kikarudi. Injinia alirekebisha mara tatu bila mafanikio. Kwenye jedwali la majaribio, mkono wake ulisita juu ya mstari wa mama. Ukiachwa wazi, nani angejua? Akauma meno, akaandika.

Ijumaa mwalimu alisogeza lenzi mpaka akaona vizuri. Kisha akasoma jedwali.

"Na huu mstari wa mwisho?"

"Mama bado anapata kichefuchefu, mwalimu. Sijajua sababu."

Mwalimu aliligeukia darasa. "Kumi na mmoja kati yenu mmeniandikia kwamba kazi zenu hazina kasoro. Nimezivaa, nimezishika, kasoro zimejaa, ila sina pa kuwashika mkono. Huyu ameandika palipomshinda, kwa hiyo tunaweza kuendelea naye. Msema kweli kuhusu kazi yake ndiye anayeweza kusaidiwa. Miwani hii itakwenda kwenye maonyesho, na jedwali libandikwe kando yake."

"Hata mstari wa mama?" aliuliza Injinia.

"Huo uandikwe kwa herufi kubwa."