Kabati Lililoita Kwenye Chumba cha Kubadilishia Nguo

Mpendwa, weka chini hicho ulichoshika. Hii huamini hata nikuapie!

"Pole mama, nakugeuza kidogo," alisema Sista Pole wodini, kitambaa cha maji mkononi.

Mama mwenyewe alikuwa amefariki nusu saa iliyopita.

Mchumba wa Sista Pole, mwanafunzi mwenzake wa uuguzi waliyembandika jina Bwana Sayansi, akaangua kicheko mbele ya darasa zima.

"Unamwomba radhi nani, mpenzi? Aliyekufa hasikii!"

"Nimefundishwa kumwambia mgonjwa kabla sijamgusa. Hakuna aliyenifundisha niache lini."

"Na imani zako hizo utafeli mtihani."

"Na mdomo wako huo utafeli ndoa."

"Weee!" wenzao wakashangilia.

Zamu ikaisha. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, jamaa akasema, "Nishikie simu ninawe mikono."

Sista Pole akashika. Macho hayana pazia! Juu kabisa, meseji kwa mtu aitwaye "Wa Kwanza": *Leo nimekukumbuka. Nakupenda sana.* Ya jana hivyo hivyo. Ya juzi hivyo hivyo.

Akabonyeza kupiga.

Kabati la Bwana Sayansi likaanza kuita.

"Fungua."

"Sikiliza kwanza..."

"Nimesema fungua!"

Ndani, kasimu ka batani, mgongo umefungwa plasta ya wodini.

"Ya nani?"

"Ya mama."

"Mama yupi? Si alifariki miaka mitatu sasa?"

"Naichaji kila Jumapili. Mama ndiye wa kwanza kunipenda."

"Kumbe! Na aliyekufa hasikii?"

"Sitaki asikie! Siku ile alipofariki, wauguzi walimgeuza kama gunia, wanacheka, pole hakuna. Mimi nimesimama mlangoni. Kama wafu wanasikia, basi mama alisikia yote."

Sista Pole akatoa simu yake, akanakili ile namba, vidole vikacheza. Kasimu kakalia *ti-ti!*

Bwana Sayansi akasoma: *Shikamoo mama. Ni mkweo. Pole kwa siku ile. Mwanao ana mdomo, lakini niachie mimi.*

Mwanaume akalia mpaka kamasi. Kisha akafuta uso, akarudi wodini mbio. Machela ilikuwa ndiyo inafika.

"Mama," akamwambia yule marehemu, wenzake wote wanasikia, "samahani kwa kile kicheko. Sasa tunakuhamisha, taratibu."

Mlangoni, Sista Pole akatabasamu. "Ndoa umefaulu."

Haya, sema kweli: ungekuwa wewe, lile kabati lilipoita, ungengoja lifunguliwe au ungekuwa ushaondoka?