Pembe Ndani ya Kisima cha Masolwa

Mwezi wa tisa Igunga ni vumbi tupu. Ng'ombe wa Masolwa walikuwa wanatembea saa mbili kwenda kunywa maji, saa mbili kurudi. Wakifika nyumbani, kiu imewarudia tena. Mke wake, Gaudensia, alikuwa anabeba ndoo tatu za maji kila asubuhi. Shingo ilikuwa inamuuma hadi akigeuka kumwangalia mtu, anageuka mwili mzima.

Basi wakakubaliana: tunachimba kisima chetu, hapa hapa nyuma ya zizi. Shilinde, kaka mkubwa wa Masolwa, akaja kusaidia. Masolwa alikuwa anachimba. Shilinde alikuwa anavuta ndoo ya udongo kwa kamba, na kupiga stori.

Siku ya kwanza walitoa udongo mweusi wa mbuga. Siku ya pili wakakutana na chokaa nyeupe, ngumu kama zege. Hiyo iliwala siku nzima na mtaimbo. Siku ya tatu, chini ya chokaa, ukatokea udongo laini wa kijani.

"Hapa maji yako karibu," Masolwa akapaza sauti kutoka chini.

Akapiga sururu. Ko. Akapiga tena. Ko.

Akakwangua kwa mikono. Kilikuwa kitu kirefu, cha mviringo, kimepinda. Akakivuta kwa nguvu. Kikakatika. Kipande cha urefu wa mkono kikabaki mikononi mwake, kingine kikabaki ndani ya ukuta wa kisima.

Kilipofika juu kwenye ndoo, Shilinde alikatiza stori katikati. Hiyo peke yake ilikuwa ajabu.

"Mdogo wangu," akasema baadaye, "hii ni pembe ya ndovu. Tena ni ya babu."

"Babu yupi?"

"Babu mzaa babu. Yule mpagazi. Si walikuwa wanabeba pembe kutoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu? Baba alisema safari moja babu aliificha pembe, akawaambia wenye msafara imesombwa na mto. Akaizika kwetu. Mkawa mnamcheka mzee. Haya, cheka sasa."

Masolwa hakucheka. Gaudensia alikuja na uji, akaiona ile pembe, akaweka sufuria chini.

"Baba Amon, hiyo ni nyara ya serikali."

"Ni ya babu," Shilinde akasema.

"Shemeji, askari wa wanyamapori atamhoji babu? Atamhoji aliye hai. Mdogo wako akikutwa na pembe ni jela, na ng'ombe wake atawachunga nani?"

Masolwa akakaa chini. Alikuwa mtu mwoga wa ofisi, hata kusaini jina lake kulimtoa jasho. Akaamua. Pembe inaingia kwenye gunia, inaenda kutupwa mto Manonga. Kile kipande kilichobaki kinang'olewa, nacho kitupwe. Kisima kinafukiwa, mtu asijue kama palichimbwa.

"Na maji?" Gaudensia akauliza.

"Bora kiu kuliko pingu."

Wakati huo huo akatokea Mwalimu Urmi na chupa yake. Urmi alikuwa mzaliwa wa Tabora mjini, baba yake mzee Rasiklal ana duka la spea za baiskeli. Yeye alifundisha jiografia sekondari ya hapo jirani, na kila jioni alifuata maziwa kwa Gaudensia.

"Mwadila," akawasalimia Kisukuma.

"Mwadila, Mwalimu," Shilinde akaitika. "Unatamka kama umeweka andazi mdomoni, lakini unajitahidi."

Kwa kawaida Masolwa angecheka. Leo alikuwa amekalia gunia, miguu imebana, anatazama mbali.

"Baba Amon unaumwa?" Urmi akauliza.

"Mzima kabisa."

"Amekalia pembe," Gaudensia akasema. Alishindwa kuvumilia. "Mwalimu, tusaidie. Shemeji anasema babu yao ndiye aliizika hapa, na huyu anataka kufukia kisima."

Masolwa akainuka taratibu kama mwizi aliyeshikwa. Urmi akafungua gunia. Akaiinua ile pembe, ikamlemea. Akaigonga kwa kijiko cha uji. Ikalia *ting*, kama jiwe.

"Hii ilikuwa pembe," akasema. "Sasa ni jiwe. Inaitwa kisukuku. Mnyama amekufa, matope yamemfunika, maji yenye madini yameingia ndani ya mfupa kidogo kidogo, miaka mingi sana, mpaka mfupa umegeuka jiwe. Babu alikufa zamani kiasi gani?"

"Miaka mia na kitu," Shilinde akasema.

"Haitoshi hata kuanza. Naomba nishuke."

Akashuka kwa ngazi, simu mkononi inamulika. Masolwa akamfuata.

"Angalia chokaa hii," Urmi akasema. "Babu angechimba shimo kuficha pembe, angefanya nini na chokaa?"

"Angeitoboa. Mimi mwenyewe nimeitoboa, mgongo ni shahidi."

"Halafu angefukia. Tungeona tundu lililojazwa udongo mwingine. Unaliona?"

Masolwa akapitisha kiganja ukutani, pale juu ya kile kipande kilichobaki. Chokaa ilikuwa nzima, imenyooka upande wote. "Hakuna tundu."

"Basi pembe ilikuwa hapa kabla chokaa haijakuwepo. Kinacholala chini kilitangulia. Na sasa sikiliza vizuri. Hiki kipande kilichobaki ukutani ndicho shahidi wako. Ukiking'oa, unabaki mtu mwenye pembe kwenye gunia. Nani atakuamini?"

Masolwa akarudisha mkono nyuma haraka, kama ameguswa na umeme.

Gaudensia alikuwa ameinama juu anachungulia. "Mwalimu, hapo karibu na mguu wako ni nini? Ni kama gego la nguruwe. Nimefuga nguruwe miaka kumi, nalijua. Ila hilo ni kubwa mno. Huyo alikuwa nguruwe wa wapi?"

Urmi akamulika. Lilikuwa kweli jino, limejaa vinundu, limekaa kwenye udongo wa kijani. Akachuchumaa, akalitazama muda mrefu bila kuligusa.

"Mama Amon," akasema, "umeona kitu cha maana kuliko pembe."

Walipopanda juu Shilinde akalalamika. "Jino la nguruwe lishinde pembe ya ndovu? Mwalimu, hapo umetudanganya."

"Ngoja. Baba yangu alichimba choo mahali tulipokuwa tunatupa taka toka enzi za bibi. Juu kabisa ikatoka simu ya kioo kama hii yangu, imepasuka. Chini yake simu za kubofya. Chini yake ile yenye antena. Chini zaidi hakuna simu, ni betri kubwa za redio. Mwisho kabisa, vioo vya taa za chemli. Ukinionyesha tabaka moja tu, nakuambia ni la miaka gani. Nimejuaje?"

"Kwa simu," Gaudensia akajibu. "Kila miaka ina simu yake."

"Na vigae vya chungu?"

"Hivyo vipo siku zote."

"Ndiyo. Vilikuwepo juu mpaka chini, kwa hiyo havisemi kitu. Wale nguruwe wa kale walikuwa kama simu. Meno yao yalibadilika haraka haraka. Aina moja inatokea, inaishi muda fulani, inapotea, inakuja nyingine. Sasa, kwingine Afrika Mashariki meno kama haya yamekutwa katikati ya majivu ya volkano, na majivu yale wataalamu wanaweza kuyapima umri maabara. Wakikuta jino la aina ile ile hapa Igunga, wanajua udongo huu ni wa zama zile zile."

Shilinde akajikuna kichwa. "Kumbe dunia nzima ni jalala."

"Jalala lililopangwa. Chini kabisa kuna vijidudu tu. Juu yake wanatokea samaki. Halafu mijusi mikubwa, kama ile iliyochimbwa Lindi. Mijusi inapotea, wanyama wanaonyonyesha wanashika dunia. Kila viumbe wakibadilika hivyo, wanasayansi wanachora mstari: zama hizi zimeisha, nyingine zimeanza."

"Na sisi?"

"Sisi tuko juu kabisa, karibu na simu ya kioo."

Urmi akashuka tena, akapiga picha: jino na jembe pembeni ili ukubwa uonekane, pembe ukutani, matabaka yote toka juu. Kisha akampigia Nestory, afisa utamaduni wa wilaya. Masolwa alimtazama akiongea.

Kesho yake asubuhi Nestory alifika na pikipiki. Akashuka kisimani, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka aliuliza swali moja.

"Nani alivunja pembe?"

Gaudensia akamtazama mumewe. Masolwa akasimama.

"Ni mimi. Nilivuta. Na nilitaka kuitupa mtoni. Niliogopa."

Nestory akaandika. Halafu akafunga daftari. "Wengi wanatupa, mzee wangu, na hatujui kamwe. Hii si nyara. Ni mali ya kale ya taifa. Haiuzwi, haifichwi, inatolewa taarifa. Na kwa kuwa nusu iko mahali pake, maelezo yako yamenyooka. Hakuna wa kukukamata."

Masolwa aliachia pumzi ndefu, hata kuku wakashtuka.

Wataalamu walikuja baada ya wiki mbili. Walipima kina, waliandika kila tabaka, wakalifunga jino kwa plasta kama mguu uliovunjika. Walisema nguruwe wa aina ile waliishi kama miaka milioni tano iliyopita. Shilinde aliomba warudie hiyo namba mara tatu.

Na maji? Majirani walikuja kwa wingi kushangaa, na Gaudensia hakuacha mtu ashangae mikono mitupu. Aliyekuja kutazama alipewa sururu. Kile cha kwanza wakawaachia wataalamu, wakachimba kisima kipya hatua arobaini kutoka pale, Masolwa akikagua kila ndoo ya udongo inayopanda. Siku ya sita maji yakatoka. Ng'ombe walikunywa mpaka matumbo yakawa kama ngoma.

Mwezi uliofuata Benjamini, jirani wa upande wa pili, alikuwa anachimba shimo la taka. Akakuta mfupa mkubwa. Hakuugusa. Alikimbia moja kwa moja kwa Masolwa. Masolwa akachukua simu na jembe la kuwekea kipimo, akaenda kwa mwendo wa daktari, watu wanamfuata nyuma.

Akapiga picha. Akachuchumaa. Akatazama tabaka la juu, akatazama la chini, akasogeza udongo kwa kidole kimoja.

"Benjamini," akasema, "huu mfupa umelala juu ya nini?"

"Juu ya rambo, mfuko wa plastiki."

"Na kinacholala chini kimefanya nini?"

"Kimetangulia."

"Basi rambo lilitangulia, mfupa ukafuata. Huyu ni ng'ombe wa juzi, tena nadhani nilikula supu yake. Endelea kuchimba."