Aliyetoka Gofuni

Mume wa fundi cherehani hakuviweza vilima. Mapafu yalikuwa yameshachoka, na kila mwinuko alihema kama mvukuto, kisha akashuka kwenye baiskeli na kumtania mkewe: "Tangulia, mama watoto, mimi nasalimiana na mawe." Safari hii waliahidiana tangu uchumba: kuzunguka polepole nchi ya magofu, kila mtu na baiskeli yake, mpaka wachoke wenyewe.

Mchana mmoja mume aliingia kwenye gofu kutafuta kivuli. Alipotoka wakapanda mlima mrefu kuliko yote, naye hakuhema hata kidogo.

"Leo umepona?" mkewe alicheka.

"Nimepumzika," alijibu bila kugeuka.

Harufu ya udongo uliolowa ikawafuata, ingawa barabara ilikuwa kavu, vumbi tupu. Kwenye nyumba ya wageni hakugusa chakula wala maji. Alikaa kitandani macho kodo, na mkewe alipomtazama vizuri aliona kifua hakipandi wala hakishuki.

Mwenye nyumba akamwita mganga. Mganga akafukiza, akasoma, mara akaacha katikati, akamvuta fundi nje.

"Dada," alinong'ona, "jini hutolewa ndani ya mtu. Yule ndani hamna mtu. Mumeo umemwacha wapi?"

Fundi alirukia baiskeli. Mganga na vijana wenye sururu wakamfuata, lakini yeye alikanyaga pedali kama kichaa mpaka gofuni, na kabla hajaiegesha akasikia, nyuma ya ukuta usio na mlango wala ufa, kuhema kule alikokuzoea miaka yote ya ndoa, na sauti ikiuliza, "Mama watoto, mbona umenifungia?", naye akakwangua mawe hadi kucha zikang'oka, vijana wakafika wakabomoa, na nyuma ya ukuta palikuwa na nyasi tu na upepo, kuhema kumehamia ukuta mwingine, nao wakaubomoa, kukahamia mwingine tena, kukipungua, kukipungua, hadi kukanyamaza.

Mganga aliinamisha kichwa. "Mimi najua kufukuza, dada. Kurudisha sijui."

Waliporudi, kitanda kilikuwa kitupu na baiskeli ya mume haipo.

Fundi alifika kwake kichwa wazi, nguo zimechanika. Binti yake alimpokea mlangoni, uso umechangamka.

"Mama, ulikuwa wapi? Baba kafika kitambo, mzima kabisa! Kesho anawapeleka wajukuu wakaone magofu. Wamelala na viatu miguuni wasije wakaachwa."

"Yule si baba yako," fundi alinong'ona, na palepale mlangoni akamweleza yote, ukuta kwa ukuta.

Binti alisikiliza. Akavitazama vidole vya mama yake, vimevimba, damu imegandia. Machozi yakamlenga. Akamshika mkono taratibu, kama anavyoshikwa mgonjwa.

"Baba!" akaita. "Hebu njoo unisaidie. Mama hayuko sawa."

Ndani, kiti kikasogezwa.